Wagonjwa ambao Vipimo Havionyeshi Kitu

Katika parokia zetu zote, toka mitaa ya Kadutu na Bagira mupaka milima ya Walungu, mupadri na katekista wanakutana na wagonjwa wa namna moja. Ni mama ambaye kichwa chake kinawaka moto tangu miaka mitatu. Ni baba ambaye moyo unamupiga usiku kama ngoma, naye anazania anakufa. Ni kijana ambaye gafula muguu mumoja umekataa kutembea. Wamekwenda hospitali, wamepimwa damu na mukojo, wamepigwa radio, na munganga amewaambia: «Hatuoni kitu.» Wanarudi nyumbani na karatasi nzuri mukononi, na maumivu yaleyale mwilini. Nyuma ya siku chache wanagonga mulango wetu.

Tutawajibu nini? Swali hili si dogo. Jibu letu linaweza kusaidia, linaweza vilevile kuua, wala si mugonjwa peke yake, lakini hata jirani yake. Ndiyo maana tumeona vema kueleza jambo hili, sawasawa wanganga wa leo wanavyolifahamu, na sawasawa Kanisa linavyotufundisha. Neno letu lote ni hili: ugonjwa ambao sababu yake haionekani ni ugonjwa wa kweli, na muchungaji hana ruhusa ya kuutafutia mukosaji.

I. MAJIBU MAWILI MABAYA

Jibu baya la kwanza ni hili: «Hauna kitu, unajifanyisha.» Munganga aliyechoka analisema, ndugu za mugonjwa wanalisema, na mara nyingine mupadri vilevile. Mugonjwa akilisikia anapata haya, lakini maumivu hayatoki. Basi anatafuta mutu mwingine atakayemusadiki. Anatoka hospitali hii kwenda ile, anarudia vipimo vilevile, ananunua dawa katika kila farmasi. Kwanza anauza mbuzi, kisha shamba. Maumivu yanabaki, na sasa umasikini umeongezeka.

Jibu baya la pili ni hili: «Kuna mutu.» Katika Bukavu watu wana neno moja, karuho, maana yake sumu ya polepole ambayo, wanavyosema, jirani ao ndugu anaitia katika kinywaji ao chakula. Mutu akikonda, akikohoa, tumbo likimuuma bila kuonekana sababu, neno hilo linatamkwa mara moja. Kisha watu wanauliza: «Ulikunywa kwa nani?» Tangu hapo hawatafuti tena dawa, wanatafuta jina.

Hatusemi kwamba sumu haiko duniani, wala kwamba watu wabaya hawako. Lakini kazi ya kutambua sumu ni ya munganga na laboratwari yake, si ya uvumi wa mutaa wala ya ndoto za mufumu. Na matunda ya uvumi tunayajua. Mwaka 2021, katika teritware za Kabare na Kalehe, wanawake kadha waliosingiziwa uchawi waliuawa, na wengine walichomwa moto wakiwa hai. Katika mambo hayo walisikika wale wanaoitwa bajakazi, wanawake wanaojidai kuwa na roho ya kutambua wachawi. Mara nyingi njia inayofika kwenye moto wa namna hii inaanza pahali padogo: mutu anaumwa, sababu haionekani, na mwingine anataja jina.

Tuangalie sasa ginsi majibu haya mawili yanavyofanana. Yote mawili yanatafuta mukosaji. La kwanza linamuona mukosaji ndani ya mugonjwa mwenyewe, la pili linamuona kwa jirani. Na liko jibu la tatu, ambalo ni ndugu yao, lenye kuvaa nguo ya ibada: «Ni zambi zako.» Lakini Maandiko Matakatifu yamekwisha kulikataa. Marafiki wa Yobu walimuhubiri muda murefu kwamba mateso yake yana kosa nyuma yake, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao (Yobu 42). Na mbele ya mutu aliyezaliwa kipofu, wanafunzi waliuliza ni nani aliyekosa, yeye ao wazazi wake. Bwana wetu aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi, kisha akamuponya (Yoane 9). Swali lao lilikuwa «ni nani?», naye hakulifuata.

II. MAUMIVU BILA KIDONDA

Namna gani mwili unaweza kuumwa kama hakuna kidonda? Wasomaji wetu waliojifunza falsafa wasishangae sana. Mutaguso wa Vienne, katika mwaka 1312, ulifundisha kwamba roho yenye akili ni umbo la mwili, kwa yenyewe na kwa kweli. Mutu si roho iliyofungiwa ndani ya mwili kama maji ndani ya mutungi. Yeye ni mumoja. Mutakatifu Tomaso wa Aquino, katika Summa yake (I-II, swali la 37), anafundisha hata kwamba huzuni inazuru mwili kupita mivuto mingine yote ya moyo, kwani inapingana na mwendo wa uzima wenyewe. Wanganga wa siku zetu wanalisema jambo hili kwa maneno mengine.

Kwanza, maumivu yanatengenezwa katika ubongo. Kidole kinapojikwaa, mishipa inapeleka habari kule juu, na ubongo unaamua kama mutu ataumwa, na kwa nguvu gani. Watu waliokatwa muguu wanalijua jambo hili: kidole ambacho hakiko tena kinawauma usiku. Ambroise Paré, mupasuaji wa wafalme wa Ufaransa, aliandika habari hiyo katika karne ya 16. Hapa hakuna mutu anayeweza kusema kwamba kidonda kiko kwenye kidole, wala hakuna anayeweza kusema kwamba mutu huyu anadanganya.

Pili, hofu inageuza mwili wote. Mutu akisikia risasi, moyo unakimbia, tumbo linasokota, mikono inatoa jasho, misuli inakazana. Mungu ameumba hivyo kusudi tupate kukimbia ao kujilinda. Lakini hofu ikikaa miezi na miaka, mwili unasahau kupumzika. Tuweke mufano wa sentineli anayelinda nyumba. Wezi walikuja usiku mumoja na kumupiga. Tangu siku ile, paka akipita, anapiga filimbi, na jani likianguka, anapiga filimbi. Hakuna mwizi ndani ya lupango, lakini filimbi inalia kweli, na watu wote wa nyumba hawalali kweli.

Tena nani atashangaa kwamba masentineli wa namna hii ni wengi katika Bukavu? Muji huu uliona vita vya mwaka 1996, wakati Askofu Mukuu wetu Christophe Munzihirwa alipouawa, tarehe 29 ya mwezi wa kumi. Uliona vita vya mwaka 2004, na tena kuingia kwa M23 katika mwezi wa pili mwaka 2025. Wako waliofiwa bila kuzika, na wako wanawake waliotendewa mabaya wasiyoweza kuyasema hata kwa mama yao. Mara nyingi mutu aliyekosa kusema kwa kinywa, mwili wake unasema.

Lakini tujihazari tusigeuze neno hili kuwa kamba ya kuwafunga wote. Si kila maumivu ya namna hii yanatoka katika huzuni ao vita. Pengine yanaanza nyuma ya ugonjwa wa kawaida, ao nyuma ya kuanguka: ugonjwa unapona, lakini mwili unabaki na desturi ya kuumwa. Tusimulazimishe mutu kutoboa siri ambayo hana.

Wanganga wanasema kwamba katika wagonjwa hawa kiungo ni kizima, lakini kazi yake imepotea njia. Tufikiri kwaya ya parokia. Tukitazama koo za waimbaji, moja kwa moja, hatutaona kidonda. Lakini wakipoteza mapigo, wimbo unaharibika, na kila mutu kanisani anasikia. Je, tutasema wimbo haukuharibika, kwa sababu koo zote ni nzima?

Tena munganga mwenye ujuzi hasemi tu «sioni kitu». Mara nyingine anaweza kuonyesha alama ya kweli. Mwaka 1908 munganga Charles Hoover aliandika habari ya alama moja kwa muguu uliolegea. Mugonjwa analala chali. Akiambiwa akandamize chini muguu mugonjwa, hawezi. Akiambiwa ainue muguu ule mwingine, muguu mugonjwa unakandamiza wenyewe, na kwa nguvu, bila yeye kufikiri. Basi nguvu iko, mishipa iko, lakini njia ya kuagiza imefungwa. Wanganga wengi wa leo wanamuonyesha mugonjwa mwenyewe alama hiyo kwa upole. Si kwa kumukamata katika uongo. Ni kwa kumupa tumaini: njia iliyofungwa inaweza kufunguliwa tena kwa mazoezi.

Vilevile kitabu cha wanganga wa akili wa Marekani, kinachoitwa DSM-5, tangu mwaka 2013 hakidai tena kwamba maumivu yakose sababu ndipo yahesabiwe. Kinaangalia zaidi uzito wa mateso na ginsi yanavyofunga maisha ya mutu, hata kama mutu huyo ana ugonjwa mwingine unaojulikana. Ni hekima: mutu anaweza kuwa na vyote viwili.

III. MIFANO MIWILI YA KWELI

Mufano wa kwanza unatoka ngambo ya mashariki. Katika Kashasha, karibu na Bukoba, huko Tanganyika, palikuwa shule ya misioni ya wasichana wanaolala shuleni. Tarehe 30 ya mwezi wa kwanza mwaka 1962, wasichana watatu walianza kucheka, na hawakuweza kujizuia. Kicheko kilichanganyika na kilio na hofu, kikawapata wengine. Mupaka mwezi wa tatu, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ilifungwa. Walimu hawakupatwa. Wanganga Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, walitafuta homa, sumu na ugonjwa wa kuambukiza, lakini hawakuona kitu. Hakuna aliyekufa. Wasichana hawa hawakuwa na pepo, hawakuwa wadanganyifu, wala hakuna aliyewaloga. Walikuwa watoto mbali na nyumbani, wenye mizigo moyoni, na mwili wa mumoja uliongoza mwili wa mwingine. Wakubwa wa shule zetu walikumbuke jambo hili. Siku wanafunzi wakianza kuanguka darasani, dawa ya kwanza ni kutuliza, kuwatenganisha kwa upole, kumwita munganga, na kunyamazisha maneno ya uchawi. Kukimbilia kupiga kelele juu ya mashetani mbele ya darasa zima ni kumwaga petroli juu ya moto.

Mufano wa pili ni wa mutakatifu ambaye picha yake iko katika makanisa yetu mengi, yaani Teresia wa Mutoto Yesu, musimamizi wa misioni tangu mwaka 1927. Mama yake alikufa mwaka 1877, yeye akiwa na miaka minne. Akamuchagua dada yake Paulina kuwa mama yake wa pili, na Paulina akaingia Karmeli katika mwezi wa kumi mwaka 1882. Miezi michache nyuma yake, wakati wa Pasaka ya mwaka 1883, mutoto wa miaka kumi alishikwa na kutetemeka, maono ya kuogopesha, na kupoteza nguvu. Munganga hakuweza kueleza. Tarehe 13 ya mwezi wa tano, siku ya Pentekoste, alitazama sanamu ya Bikira Maria, akaona Mama anamuchekea, akapona.

Wakristu wanakumbuka ile cheko ya Bikira, na ni vema. Lakini sisi wachungaji tukumbuke pia yaliyofuata. Nyuma ya kupona, Teresia aliteswa na wazo kwamba pengine alijifanyisha ugonjwa. Yeye mwenyewe aliandika kwamba wazo hilo lilimutesa miaka, mupaka mwezi wa kumi na moja mwaka 1887, alipopata amani katika kanisa la Bikira Maria wa Ushindi, Paris. Kama mutakatifu, mutoto asiye na uongo, aliumia hivyo kwa wazo lake mwenyewe, mugonjwa wetu ataumia namna gani akilisikia wazo hilo kinywani mwa mupadri? Tunaona vilevile kwamba huzuni ya kupoteza mama mara mbili haizuizi neema, wala neema haikatazi kwamba huzuni ilikuwapo.

IV. TUSIHARAKISHE KUSEMA «NI MAWAZO»

Mbele ya kwenda mbali, lazima tujiwekee mupaka. «Haijaonekana» si sawa na «haiko». Nchi yetu yenyewe inatufundisha.

Katika kisiwa cha Idjwi, watu wengi walikuwa na uvimbe wa koo. Katika miaka ya 1960 wachunguzi waliofanya kazi pamoja na chuo cha Lwiro waliujifunza sana. Si laana: ardi na chakula chao vilikosa yodi, nao muhogo uliongeza taabu. Chumvi yenye yodi ni kinga yake. Vilevile konzo, ugonjwa unaokaza miguu yote miwili gafula: Trolli aliandika habari zake mwaka 1938 kutoka Kwango, na mwaka 2011 wanganga walieleza kwamba ulionekana hata Burhinyi, katika teritware ya Mwenga. Watu masikini, wenye kusumbuliwa na vita, walikula muhogo muchungu usiolowekwa siku za kutosha, na sumu iliyomo iliharibu mishipa. Kama wachungaji wa pahali pale wangalisema tu «ni uchawi» ao «ni mawazo», nani angalitazama mutungi wa kulowekea muhogo?

Kwa hiyo mugonjwa apimwe kwanza, na apimwe vizuri. Ziko alama ambazo hata katekista wa kijijini azijue. Kikohozi kinachopita wiki mbili, homa ya kurudiarudia, kukonda sana, damu katika choo ao mukojo, uzaifu unaoongezeka kila wiki: mutu huyu asiachwe kwa mufumu, wala chumba cha maombi kisimuzuie kwenda hospitali. Wengi wanaosemwa kuwa na karuho wanakohoa na kukonda, na hizo ndizo alama za kifua kikuu. Dawa zake zinatolewa bure katika mupango wa serikali, na kwa kawaida zinachukua miezi sita. Kumupeleka mutu huyu apimwe ni kumuokoa, na pengine ni kumuokoa hata yule jirani aliyetaka kusingiziwa.

Lakini vipimo vikiisha kufanywa vizuri, tuwe na ujasiri wa kusimama. Huko Scotland wanganga waliwafuata wagonjwa 1030 ambao maumivu yao hayakuelezeka na ugonjwa wa mishipa na ubongo. Walitoa habari yao mwaka 2009. Nyuma ya muda wa mwaka mumoja na nusu hivi, katika wote hao, 4 tu walionekana na ugonjwa mwingine ambao ungaliweza kueleza maumivu yao ya kwanza. Ni kweli, huko wana vyombo tusivyokuwa navyo. Hata hivyo fundisho linabaki: kurudia radio mara kumi hakuzai sababu, kunazaa deni. Ikitokea alama mpya, tumurudishe kwa munganga. Isipotokea, tumusaidie kuishi.

V. KAZI YA MUCHUNGAJI

Tuseme sasa mambo ya kutenda, moja kwa moja.

1. Kusadiki. Neno la kwanza la mupadri liwe: «Mama, ninasadiki kwamba unaumwa.» Mwanamuke wa Injili aliyetokwa damu miaka 12 alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga, na hali yake ilizidi kuwa mbaya (Marko 5). Bwana wetu alikuwa na haraka ya kwenda kwa Yairo. Hata hivyo alisimama njiani, akamuacha mwanamuke aseme ukweli wake wote mbele ya watu. Nyuma ya kumusikiliza alimuita binti yake.

2. Kuuliza vizuri. Tuache swali «ni nani?», tuulize «ni lini?» Ugonjwa ulianza lini? Mwaka ule nyumbani kulikuwa nini? Unalala? Unakula? Kazi gani umeacha? Kisha tunyamaze. Katekista ambaye ni jirani mara nyingi anasikia mambo kupita mupadri. Basi alinde siri, kwani siri ikitoka mara moja, kinywa cha mugonjwa kitafungwa siku zote, na mwili utaendelea kusema.

3. Kutotaja jina. Mugonjwa akisema jina la mutu anayemushuku, tusilirudie, tusiliandike, tusilipeleke kwa mutu. Katika sala za wagonjwa, katika shirika, na katika mikutano ya maombi, mutu asiruhusiwe kutaja ao kuonyesha mwenye kosa. Kiongozi wa shirika anayeruhusu jambo hilo ameweka maisha ya mutu katika hatari. Kama mutu amekwisha kutajwa mutaani, mupadri aende kumusalimia nyumbani kwake muchana, watu wakiona. Safari hiyo inafundisha kupita hotuba.

4. Kuwa waangalifu na mambo ya pepo. Ritwali ya Roma ya mwaka 1614 ilikwisha kuagiza mupadri asisadiki upesi kwamba mutu amepagawa, na atambue tofauti na wale wenye ugonjwa. Ritwali mupya, iliyotolewa mwaka 1999, inashika njia ileile na kuomba shauri la wajuzi wa uganga. Sheria ya Kanisa, kanoni 1172, haimuruhusu mutu kufukuza pepo juu ya mwenye kupagawa bila ruhusa ya wazi ya Askofu. Sheria hii si uzaifu wa imani. Mutu mwenye hofu anayepigiwa kelele kwamba ana shetani, hofu yake inakuwa mbili.

5. Kutoa Sakramenti. Mupako wa Wagonjwa ni kwa muamini aliyeanza kuwa katika hatari kwa ugonjwa ao uzee. Na kama kuna mashaka kwamba ugonjwa ni muzito, kanoni 1005 inaagiza utolewe. Basi tusimukatalie mugonjwa kwa sababu karatasi ya laboratwari ni safi. Lakini tumueleze vema: hatujaribu Mungu, wala hatupimi imani yake. Kama maumivu hayatoki, si kwa sababu hakusali sana.

6. Kufanya kazi pamoja na wanganga. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka 1999 na munganga Denis Mukwege, aliyepewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018, imetuonyesha mufano: dawa ya mwili, musaada wa moyo, musaada wa kuishi, na musaada wa haki vinakwenda pamoja. Katika muji wetu iko pia SOSAME, nyumba ya wagonjwa wa akili chini ya Mabruda wa Karita. Watu wengi wanaona haya kwenda huko, kwa sababu wanazania ni kwa wenye wazimu tu. Ni kazi yetu kuondoa haya hiyo: mutu anakwenda kule kama anavyokwenda kwa munganga wa meno.

Tuwakumbuke hata waseminari. Kijana mwenye kuumwa tumbo kila mwaka wakati wa mitihani, ao ambaye moyo unamupiga anaposimama kusoma mbele ya wenzake, asiitwe muvivu, wala asifukuzwe kwa sababu hiyo peke yake. Asifichwe vilevile chini ya dawa. Mulezi azungumze naye kwa utulivu. Pengine mwili wake unauliza swali ambalo yeye mwenyewe hajasubutu kuliuliza: juu ya wito wake, juu ya baba yake, juu ya feza za nyumbani. Ni heri kulisikia swali hilo katika seminari kuliko nyuma ya Upadri.

VI. KUISHI NA UGONJWA USIOTOKA

Wengi wanapona, wakifahamishwa vizuri na kusaidiwa mapema. Wengine wanapona nusu. Na wengine watatembea na ugonjwa huo miaka mingi. Kwa hawa tusiseme upesi: «Beba musalaba wako.» Neno hilo ni la kweli, lakini muchungaji anayelisema mbele ya kusikiliza anautumia musalaba kama mulango wa kufunga mazungumzo.

Tumufundishe kwanza mambo madogo. Apime siku yake: siku ya nguvu asifanye kazi ya siku tatu, siku ya uzaifu asilale muchana kutwa. Atembee kidogo kila siku, leo mupaka kisimani, wiki ijayo mupaka kanisani. Asinunue dawa mupya kwa kila maumivu. Aonane na munganga mumoja, kwa tarehe iliyopangwa, kusudi asihitaji kuzidiwa ndipo aonwe. Na sisi vilevile tumutembelee kwa siku tuliyoahidi. Mugonjwa anayejua kwamba katekista atakuja Alhamisi hana lazima ya kupiga yowe Jumatatu.

Tumurudishie kazi. Mama aliyekuwa kiongozi wa wimbo asiondolewe moja kwa moja, aimbe akikaa. Hatari kubwa ya ugonjwa huu ni kwamba mutu anaanza kuwa ugonjwa tu: kila anayemusalimia anauliza habari ya kichwa chake. Tumuulize pia habari ya watoto, ya mavuno, ya Injili ya Jumapili.

Mutakatifu Tomaso, tuliyekwisha kumutaja, ana swali zima juu ya dawa za huzuni (I-II, swali la 38). Wanafunzi wa teolojia pengine wanalipita mbio, wakitafuta mambo makubwa. Anahesabu dawa tano: furaha, machozi, marafiki wanaoshiriki huzuni, kutazama ukweli, na mwishoni usingizi na kuoga. Mwalimu wa Kanisa, aliyeandika juu ya Utatu Mutakatifu, hakuona haya kuandika juu ya maji ya kuoga. Nasi tusione haya kumuuliza mugonjwa kama amelala.

Kisha, wakati mugonjwa anajua kwamba amesadikiwa, tunaweza kumuonyesha mutume Paulo na mwiba wake (2 Korinto 12). Wataalamu wa Maandiko wamebishana karne nyingi mwiba ule ulikuwa ugonjwa gani, na Paulo hakusema. Aliomba mara tatu uondolewe, na haukuondolewa. Hakumutafutia mutu kosa, hakuacha kazi, wala hakuona haya kuwaambia Wakorinto kwamba yeye ni zaifu. Alipewa neema ya kutosha.

Ndugu wapadri, makatekista na waseminari, hatukupewa kazi ya kujua sababu ya kila maumivu. Wanganga wenyewe hawaijui. Tulipewa kazi ya kukaa karibu na mwenye kuumwa, na kumulinda jirani yake asisingiziwe. Leo jioni, kabla ya kusali Kompleta, kila mumoja wetu atafute katika moyo wake jina la mugonjwa ambaye tumechoka kumusikiliza. Kesho aende kumuona.